Nilimpiga picha bondia, kikatoka kipara!

Msomaji wangu, kama umewahi kwenda ukumbini usiku kumpiga picha mshikaji wako akicheza, halafu ukarudi nyumbani na vivuli vinavyofanana na mizimu, basi vuta kiti ukae. Leo nazungumza na wewe. Mimi yalinikuta, tena yalinikuta vibaya, na kuna mama mmoja wa Mburahati ambaye mpaka anaingia kaburini alikuwa ananidai picha.

Ilikuwa mwaka 1996. Enzi zile za Rashid Matumla, kila kijana wa Dar es Salaam mwenye mikono miwili alijiona bondia. Mtaani kwetu tulikuwa na wa kwetu, mtoto wa jirani niliyecheza naye chandimu tangu tukiwa tunavaa kaptula zilizochanika nyuma. Mchana anasukuma mkokoteni sokoni, jioni anaruka kamba nyuma ya gereji. Basi bwana, siku moja akapangiwa pambano la utangulizi, raundi nne, kwenye ukumbi mmoja wa Manzese.

Mama yake akaniita barazani. "Mwanangu," akaniambia, "mimi siwezi kwenda kuangalia mtoto wangu anapigwa. Wewe nenda, kaniletee picha." Nikatazama ndani, sebuleni. Alikwisha gongelea msumari ukutani, pembeni ya kalenda. Msumari mtupu, unasubiri.

Mimi nilikuwa na kamera, Pentax K1000 ya mtumba, niliyoinunua kwa kudunduliza vijisenti vya harusi na ubatizo. Nikatia mkanda uleule niliouzoea kwenye harusi za mchana: wa rangi, picha 36, kwenye boksi umeandikwa 100. Juu nikapachika flashi ndogo. Nikavaa shati jeupe nionekane. We acha tu, nilijiona fundi!

Nikakata tiketi kama watu wengine, nikakaa safu ya sita. Raundi ya kwanza nikawasha flashi kama radi za masika mpaka refa akanitolea jicho na mtu wa kona akanipigia kelele kwamba nawapofusha mabondia. Nikaizima. Raundi ya pili nikapiga bila flashi. Raundi ya tatu, karibu na kengele, jamaa yetu akaachia mkono wa kushoto, mpinzani akakaa chini kama mtu aliyeambiwa karibu kiti. Refa akahesabu mpaka kumi. Ukumbi mzima juu ya viti! Nikawasha flashi, nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikijua kazi imekwisha.

Jumanne nikaenda studio kuchukua picha zangu. Dada wa dirishani alinikabidhi bahasha huku amebana mdomo. Nyingi zilikuwa nyeusi. Kadhaa zilikuwa na moshi moshi, huwezi kujua ni mtu au ni pazia. Na zile za flashi, zile za ushindi, zilionyesha kitu kimoja tu: kipara cha mzee aliyekaa mbele yangu. Kimetoka safi, kinang'aa kama bakuli lililooshwa. Nyuma yake giza totoro, na ndani ya giza kamba moja ya ulingo. Bondia hayupo.

Nikampelekea mama ile iliyo na nafuu. Akaigeuza geuza, akaniuliza kwa upole kabisa: "Huyu ndiye aliyepigwa?"

Sikuwa na jibu.

Kilichonipata

Sasa nikueleze kilichonipata, maana ndicho kinachowapata vijana wengi hata leo, wakiwa na kamera za mamilioni.

Jicho ni tapeli. Ukiingia ukumbini, dakika chache tu limeshazoea, unaona kila kitu, unasema mbona kuna mwanga wa kutosha. Kamera haizoei. Usiku ule sindano ya kupimia mwanga ndani ya ile Pentax ilikuwa inaniambia ukweli, mimi sikutaka kusikia: lenzi ikiwa imefunguka mpaka mwisho, f/2, na mkanda wa 100, shata inatakiwa ikae wazi sehemu ya nane ya sekunde. Unaona ni kidogo? Chukulia ngumi inakwenda mita 8 kwa sekunde. Ndani ya sehemu ya nane ya sekunde, imetembea mita nzima! Ndiyo maana nilipata moshi. Ukitaka ngumi hiyohiyo itulie kwenye picha, shata iwe 1/500, hapo inasogea sentimita moja na nusu hivi, hakuna atakayeona.

Na flashi? Flashi inachoka haraka kuliko mlevi wa Jumapili. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Yule mzee alikuwa kama mita moja na nusu kutoka kwangu, ulingo mita 12. Mara nane zaidi. Nane mara nane ni 64. Kwa hiyo kipara kilipokula mwanga mafungu 64, bondia wangu aliambulia fungu moja. Ukiona watu kwenye jukwaa la juu wanawasha vimulimuli vya simu zao kupiga picha uwanjani, ujue wanapiga picha visogo vya wenzao.

Kwa aibu nikaenda kumwona mzee mmoja, mpiga picha wa magazeti aliyekuwa amestaafu, anaishi Ilala. Shikamoo mzee, marahaba. Akachukua mkanda wangu, akaunyoosha dirishani, akautazama kwa muda mrefu.

"Ulikaa na nani?"

"Na watazamaji, mzee."

"Basi umepiga picha ya mtazamaji. Unalalamika nini?"

Lile swali ndilo lililonifundisha zaidi kuliko yote yaliyofuata. Kabla ya lenzi, kabla ya kamera, mahali! Siku hizi nikienda ngumi namtafuta mwandalizi siku mbili kabla, namwomba nafasi pembeni kabisa ya ulingo, namwahidi picha kadhaa za matangazo yake. Mara nyingi anakubali, maana picha nzuri hana. Pale unaweka viwiko ukingoni, lenzi inapita kati ya kamba ya chini na ya pili. Utarushiwa jasho, maji, wakati mwingine na vitu vingine nisivyotaka kuvitaja kwenye gazeti. Beba kitambaa. Na shati liwe jeusi, tafadhali.

Yule mzee akanipa somo la pili. Akasema mwanga wa ukumbini si wako, huwezi kuuongeza, kazi yako ni kuuokota. Unauokota kwa lenzi yenye tundu kubwa, na unauokota kwa mkanda mkali. Akaniingiza bafuni kwake, mlango umezibwa na blanketi, akanionyesha anavyoosha Tri-X nyeusi na nyeupe. Mkanda ni wa 400, lakini kamera unaidanganya kwamba ni wa 1600, halafu unauchemsha kwenye dawa muda mrefu zaidi ya kawaida. (Nasema kuuchemsha, mzee alipenda neno hilo, hakuna moto wowote.) Mahesabu yake ni haya: ukumbi uleule ulionipa 1/8 kwa mkanda wa 100 ungenipa 1/125 kwa mkanda wa 1600. Picha inatoka na chembe kama imenyunyiziwa mchanga. Nikamwambia mzee, mbona chafu? Akanicheka. "Chafu lakini mtu anaonekana. Yako ilikuwa safi?"

Subiri atulie

Lakini 1/125 bado si 1/500. Hapa ndipo penye uhondo, kwa sababu hapa fedha haisaidii, inasaidia akili.

Kila mchezo una nukta ambapo mwili unasimama. Mchezaji wa kikapu akiruka kutupa mpira, anapanda, anapanda, halafu kuna chembe ya wakati ambapo hapandi wala hashuki. Mpigaji wa wavu hivyohivyo, mkono uko nyuma ya kichwa, bado haujashuka. Ukibonyeza hapo, hata shata ya taratibu inakusamehe. Ukichelewa kidogo tu, umepata ukungu. Kwenye ngumi nukta hiyo ipo pale mkono umenyooka mwisho, glovu imegusa shavu. Ipo bondia anapokaa konani kati ya raundi, mdomo wazi, maji yanamtiririka. Ipo refa akihesabu kidole kimoja kimoja. Na ipo mkono wa mshindi unapoinuliwa, ambayo kila mtu anaipiga na inafanana na zote.

Kuipata nukta hiyo lazima ujue mchezo. Mimi nilianza kwenda mazoezini bila kamera, nakaa tu, nahesabu pumzi zao. Utagundua huyu kabla ya kutupa kulia anashusha bega, yule anakanyaga mguu wa mbele. Ukiona ngumi kwenye kamera umeshaikosa, ilibidi ubonyeze kabla. Vijana wa leo wana kamera zinazopiga picha 20 kwa sekunde, wanashikilia kitufe kama wanamwagilia mchicha. Wanarudi na picha 3,000, nzuri haimo, halafu usiku kucha wanafuta. Piga mbili tatu, pumzika, tazama.

Najua kuna mjuaji ataniuliza: kama flashi haifai, ile picha ya Muhammad Ali amesimama juu ya Sonny Liston, anamkoromea ainuke, ilipigwaje? Swali zuri. Ilikuwa Mei 25, 1965, mji mdogo wa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, raundi ya kwanza. Aliyeipiga ni Neil Leifer, kijana wa miaka 22, na mwanga wake ulikuwa ni flashi kubwa zilizofungwa juu ya ulingo, wala si kijitaa juu ya kamera. Na taa zile zilihitaji kupumua kabla ya kuwaka tena, kwa hiyo hakuweza kufyatua hovyo, ilibidi achague. Ukiitazama vizuri, kati ya miguu ya Ali unamwona mpiga picha mwingine upande wa pili, Herb Scharfman, wa gazeti lilelile la Sports Illustrated, mkongwe kuliko yeye. Ali amempa mgongo! Mkongwe aliona kisogo cha Ali, kijana akaondoka na picha ya karne. Mahali, nilikwambia.

Nyie wa simu

Haya, tuje leo. Mikanda tumeiacha, sasa kuna kitu kinaitwa ISO, ni namba zilezile za mkanda ila unazibadilisha kwa kidole. Usiogope 3200, usiogope 6400. Watu wanaogopa mchanga kuliko wanavyoogopa ukungu, wakati mchanga kuna programu za kompyuta zinaupunguza vizuri sana siku hizi, na ukungu hakuna dawa.

Kuhusu lenzi, ile inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake ni f/5.6. Lenzi ya 50mm yenye f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, inapitisha mwanga karibu mara kumi ya hiyo. Mara kumi! Kijana anauza simu anunue kamera mpya, wakati angenunua lenzi moja ya mtumba angelala usingizi. Haivuti karibu, sawa. Sogea wewe.

Usiiachie kamera ipime yenyewe. Nyuma ya bondia ni giza, kamera inadhani dunia yote ni giza, inafungua zaidi na shata inazorota. Taa za juu zikiingia kwenye fremu inadhani ni mchana, na bondia mweusi kama mimi anabaki meno. Pima uso wa mtu, weka namba zako mwenyewe, zisibadilike mpaka taa zibadilike. Fokasi nayo iwe ile inayofuata mtu, na kile kidoti kiwe juu ya uso, kwa sababu kamba za ulingo ni wezi wakubwa wa fokasi.

Halafu kuna mdudu mmoja aliyenisumbua miaka. Picha moja ina rangi nzuri, inayofuata kijani, inayofuata nusu giza, na sijagusa kitu. Kumbe ni taa! Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo tyubulaiti na baadhi ya taa nyingine zinapepesa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, shata ya haraka inaona, inakutana na taa ikiwa imefumba. Kamera nyingi za kisasa zina kifaa cha kusubiri taa ifumbue ndipo ipige, kitafute kwenye menyu. Huna? Shuka 1/100, halafu rudi kwenye somo la kusubiri atulie. Na ukiona mistari mistari kwenye picha, zima ile shata ya kimyakimya.

Wewe wa simu, usivute picha kwa vidole. Lenzi kuu, ile ya moja, kwa kawaida ndiyo inayookota mwanga zaidi, nyingine za pembeni ni vipofu ukumbini. Ule mtindo wa usiku uache, unakusanya picha kwa muda mrefu, unafaa kwa majengo, bondia si jengo. Bonyeza usoni kwa mtu, shikilia, shusha mwanga kidogo. Flashi, nadhani tumeelewana.

Namalizia na lile deni. Rafiki yangu alipigana mara mbili tena baada ya siku ile, akapoteza zote, akaacha. Pambano alilolishinda kwa kumwangusha mtu ni lile moja tu, na ushahidi wake ni kipara. Siku hizi anaendesha lori kwenda Tunduma. Mama yake alifariki 2003. Siku ya msiba nilikaa sebuleni kwao, kalenda ilikuwa imebadilishwa mara saba, msumari uko palepale.

Mwaka 2023 jamaa akanipigia simu usiku, yuko Makambako na mzigo. Binti yake wa mwisho, ambaye mimi ni ba'mdogo wake, amepata pambano lake la kwanza. Raundi nne. "Nenda wewe," akasema, "mimi sitafika. Na safari hii usiniletee kipara."

Nilifika ukumbini saa tatu kabla ya kengele. Nikapima uso wa refa: giza lilelile la Manzese, sindano ya Pentax ingeniambia 1/8. Nikaweka f/2, ISO 6400, shata 1/500. Hesabu ni ileile, namba tu zimehama. Nikapiga magoti pembeni ya kona yake, viwiko ukingoni, shati jeusi.

Hakumwangusha mtu. Alishinda kwa pointi, na katika raundi ya tatu alipasuka juu ya nyusi. Picha za ngumi nilizipata, tatu nne za kueleweka. Lakini niliyomtumia baba yake ni ya kati ya raundi: binti kakaa kwenye stuli, mwalimu anamfuta damu, yeye haangalii mwalimu, anatazama upande wa pili kule aliko mwenzake. Macho yote mawili yamekaa kwenye fokasi. Ina mchanga mchanga, niliuacha.

Jamaa alikaa kimya dakika nyingi. Nikaona amesoma, hajibu. Nikaanza kuhangaika, labda damu imemtisha.

Baadaye akapiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekohoa kwanza. Akasema ataisafisha kubwa, ataiweka sebuleni, msumari upo. Halafu akanyamaza kidogo.

"Ila ndugu yangu," akasema, "hebu angalia kona ya chini, kulia."

Nikaangalia. Bwana mmoja wa meza ya majaji, ameinama anaandika.

Kipara.